Altamaha Hadi Lazaretto: Safari ya Uvuvi ya Mwisho wa Septemba

Pwani ya Georgia, kusini-mashariki mwa Marekani, ni fupi: kama maili 100 tu, kutoka mdomo wa mto Savannah hadi mto St. Marys unaoitenga na Florida. Lakini bahari yake hupanda na kushuka karibu futi 7 siku ya kawaida, na katika bamvua (maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) za Septemba na Oktoba maji hupita kimo cha futi 9 kwenye kipimo cha Fort Pulaski, karibu na Savannah. Aliyekulia Tanga au Lamu hatashangaa. Aliyekulia Uvira au Kigoma, kwenye ziwa lisilojaa wala kupwa, na sasa anaishi Clarkston, karibu na Atlanta, kama Wakongomani wengi wa jimbo hili, ana jambo la kujifunza kabla ya mengine yote: jedwali la maji ndilo linaloamua rampu gani (mteremko wa zege wa kushushia boti majini) itumike, saa ngapi, na atafutwe samaki yupi. Safari hii ilipangwa kwa kulifuata jedwali hilo, mwezi mpevu ukiangukia Jumamosi ya 4 ya Septemba.

Alhamisi: Clarkston, Macon, Altamaha Park

Karatasi kwanza. Kila mwenye miaka 16 na kuendelea anahitaji leseni ya uvuvi ya Georgia, na kwa maji ya chumvi anahitaji pia kibali kiitwacho SIP. Kibali hicho ni cha bure, lakini lazima kichukuliwe upya kila mwaka, na kinahitajika hata kwa anayekwenda kutega kaa tu. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1998 au baadaye haruhusiwi kuendesha boti ya mashine bila kumaliza kozi ya usalama. Ndani ya boti kuwe na jaketi okozi la kila mtu, linalomtosha mwilini. Mtoto wa chini ya miaka 13 alivae muda wote boti inapokwenda, na boti ya futi 16 au zaidi iwe pia na boya la kurusha. Tangu Aprili 2021 sheria ya shirikisho inamtaka mwendeshaji wa boti ndogo ajifunge ile kamba ya kuzima mashine inapokuwa kwenye mwendo. Ifungwe kweli kweli, si kuning'inizwa kwenye usukani.

Kutoka Clarkston ni mwendo wa takriban saa tano: I-75 kupita Macon hadi Perry, kisha US 341 kupitia Hazlehurst, Baxley na Jesup. Safari nyingi za watu wa Atlanta huharibiwa na beringi za trela. Baada ya saa tano za lami, habu za magurudumu huwa za moto. Ukiziingiza majini papo hapo, hewa iliyo ndani hupoa ghafla, husinyaa, na kuvuta maji kupitia sili. Grisi iliyoingia maji hailainishi tena, na siku chache baadaye gurudumu linakwama kando ya barabara. Egesha mbali na rampu, sogeza kiganja karibu na habu, subiri hadi joto lishuke.

Muda huo wa kusubiri ndio wa kutayarisha boti. Kizibo cha nyuma kirudishwe na kukazwa kwa mkono, kisha mtu wa pili akikague. Mikanda ya nyuma ifunguliwe. Mkanda wa winchi na mnyororo wa mbele vibaki hadi boti iguse maji, kwa sababu rampu iliyoota mwani huiachia boti ikateleza yenyewe na kutua juu ya zege. Waya wa taa za trela uchomolewe, la sivyo fyuzi za gari zitaungua. Kamba mbili zifungwe, moja mbele na moja nyuma. Barafu, fimbo na mafuta vipakiwe hapo hapo. Anayesubiri kufika kwenye mteremko ndipo aanze haya yote anawazuia watu wote walio nyuma yake.

Kurudi kinyumenyume huwatisha wengi, na tiba yake ni rahisi. Shika usukani kwa chini. Mkono ukienda kushoto, trela inakwenda kushoto. Ukienda kulia, inakwenda kulia. Geuza kidogo, ngoja trela iitikie, kisha rekebisha. Ikikataa, songa mbele mita chache uanze upya badala ya kuhangaika nayo katikati. Maji yakifika juu ya habu, simama, weka gia ya kuegesha, vuta breki ya mkono, na uweke kabari nyuma ya tairi la gari.

Mto Altamaha huanzia pale mito ya Oconee na Ocmulgee inapokutana, na husafiri maili 137 hadi baharini. Kabla ya kuondoka nyumbani, soma kimo cha mto kwenye kipimo cha USGS (idara ya jiolojia ya Marekani) cha Doctortown, karibu na Jesup. Septemba yenye ukame huacha mafungu ya mchanga upande wa ndani wa kila kona na magogo yaliyolala chini ya maji. Kina kiko upande wa nje wa kona, palipomomonyoka na miti kuanguka. Hapo ndipo anapolala kambare.

Kambare wa buluu anakubali mkizi aliyekatwa vipande vya inchi 2 hadi 3, mbichi na mwenye damu. Aliyegandishwa mara mbili ni bure kabisa. Mshipi wa pauni 40, chubwi ya wakia 3 inayoteleza juu ya mshipi, swiveli, kisha futi moja na nusu ya mshipi mnene wa pauni 60 na ndoana ya duara namba 8/0. Tia nanga juu ya shimo, upande mkondo unakotoka, ili chambo kirushwe nyuma na harufu itangulie kushuka. Nanga ifungwe mbele ya boti, kamwe isifungwe nyuma. Nyuma ni chini na kuna uzito wa mashine, na mkondo ukivuta hapo maji huingia kwa dakika chache na boti kuzama.

Fimbo ikiinama, usiikwanyue. Ndoana ya duara hufanya kazi kwa kuteleza polepole hadi pembe ya mdomo, na mkono wenye mazoea ya kuvuta kwa nguvu huitoa kabla haijashika. Iache fimbo kwenye kishikio chake mpaka ilale vizuri, kisha zungusha rili tu. Mto huu ndio uliotoa rekodi ya jimbo ya kambare wa buluu ya Oktoba 2020, pauni 110 na ushei, kwa hiyo kishikio cha fimbo cha plastiki ya bei rahisi hakifai.

Kambare wa kichwa bapa naye si mwenyeji hapa. Aliingia mto huu katika miaka ya 1970 na amewala sana samaki wadogo wa asili, hasa yule mwenye kifua chekundu ambaye wazee wa Jesup na Darien walizoea kumkaanga. Kumpeleka nyumbani kwa kitoweo ni kuusaidia mto. Stejoni ni kinyume chake: analindwa na sheria, kipindi hiki hupanda mto kuzaa, na huruka juu ya maji ghafla. Akinasa kwa bahati mbaya, mwachilie akiwa bado majini, na kama ndoana haifikiki kata mshipi.

Ijumaa: Champney, chini ya Darien

Chini ya barabara ya US 17 mto umegawanyika matawi manne: Darien, Butler, Champney na Altamaha ya Kusini. Mifereji iliyonyooka inayoonekana kati ya visiwa ilichimbwa na Waafrika waliokuwa watumwa katika mashamba ya mpunga, na leo ndiyo maficho bora ya samaki wa eneo hili. Maji yakianza kupwa, mifereji hiyo humwagika mtoni na kuleta vidagaa na kamba, na besi, samaki mwindaji wa maji baridi, hukaa mdomoni akisubiri. Ukifika maji yakiwa yamesimama, utarusha mpaka uchoke.

Mwaka mkavu chumvi hupanda juu zaidi, na eneo moja linaweza kutoa besi na redfishi, samaki wa maji ya chumvi, asubuhi hiyo hiyo. Hapo hakikisha una vibali vya maji yote mawili.

Rampu za mito yenye kujaa na kupwa zina tabu yake: mkondo hupita mkingamo mbele ya zege. Wakati wa kurudisha boti kwenye trela, ikaribie trela ukitokea upande maji yanakokwenda, pua ikiukabili mkondo, ili boti ipungue mwendo bila kupoteza mwelekeo. Ukija na mkondo mgongoni, utapita trela au utaigonga gati. Tena usipandishe boti kwa kukandamiza mafuta. Propela huchimba shimo mwisho wa zege, na maji yakipwa trela ya mwingine itatumbukia humo hadi ekseli.

Jumamosi: MacKay River na St. Simons Sound

Jumamosi ya 4 ya Septemba ni siku ambayo mkazi wa Georgia huvua bila leseni. Vipimo na idadi ya samaki vinabaki vile vile. Kwa sababu hiyo rampu hujaa kuliko siku yoyote ya msimu, na ikiwa imeangukia mwezi mpevu, maegesho nayo hupungua, maana bahari yenyewe hupanda kuyachukua. Fika saa kumi na moja alfajiri, na usiegeshe safu ya chini hata kama ni tupu. Upepo wa kaskazini-mashariki ukivuma siku mbili tatu mfululizo hulundika maji pwani na kuongeza futi nzima juu ya jedwali. Gari litakutwa na chumvi hadi kwenye breki.

Rampu ya MacKay River iko kando ya barabara ya F.J. Torras, kati ya Brunswick na kisiwa cha St. Simons. Siku za mwezi mpevu pwani hii hujaa karibu saa mbili hadi saa tatu asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Hilo linaleta nafasi ambayo haipo wiki nyingine: redfishi huingia juu ya nyasi.

Siku ya kawaida nyasi za kinamasi hubaki nje ya maji. Bamvua ikija, uwanda mgumu wenye nyasi fupi hufunikwa futi moja hadi mbili, na redfishi hupanda kula vikaa vidogo vyenye gando moja kubwa. Huinamisha kichwa kuchokoa, na mkia wenye doa jeusi hutokeza juu ya maji. Zima mashine mbali, sukuma kwa upondo, na urushe kijiko cha dhahabu chenye kinga ya nyasi mita 2 mbele yake, si juu ya kichwa chake. Sauti ya upondo kugonga ubavu wa boti inatosha kumfukuza kila aliyeko.

Muda wa kazi hii ni saa moja kabla ya maji kujaa kabisa na saa moja baada yake. Tazama mashina ya nyasi: yakianza kuonyesha ukanda wa unyevu juu ya maji, toka. Anayeng'ang'ania mkia mmoja zaidi hubaki juu ya matope mpaka maji ya usiku, na matope haya hayakanyagiki. Mtu huzama hadi kiunoni, na chini kuna chaza wanaokata kama wembe.

Mchana, maji yakipwa, kazi inahamia mdomo wa ghuba kati ya St. Simons na Jekyll. Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba redfishi wakubwa hukusanyika kwenye milango hii kuzaa. Kwa miaka mingi jimbo limeweka kipimo cha inchi 14 hadi 23 kwa samaki huyu, na idadi ya kubeba iangaliwe upya kila mwaka kwenye kanuni za Idara ya Maliasili. Hawa wa mdomoni wana inchi 35, 40 na zaidi. Wote hurudi majini. Ndio wazazi wa samaki tutakaovua miaka ijayo, na wanaweza kuishi zaidi ya miaka 30.

Kwa hiyo zana ziwe za kumwokoa. Tumia mshipi wa pauni 40 hadi 50 ili pambano liwe fupi, kwani maji bado ni ya joto na samaki aliyechoka kupita kiasi hufa hata akiondoka anaogelea. Chubwi iwe nzito, wakia 4 hadi 6, na kipande cha mshipi kati yake na ndoana kisizidi inchi 6. Kipande kirefu humpa samaki nafasi ya kumeza kabla hajahisi uzito, na ndoana ikifika tumboni umemuua. Kwa kipande kifupi, uzito wa chubwi hugeuza ndoana ya duara mdomoni papo hapo. Chambo ni nusu ya mkizi au kaa aliyekatwa. Samaki asining'inizwe kwa taya: mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine kwenye shina la mkia, alale mlalo, kisha ashikiliwe majini akiukabili mkondo hadi aondoke kwa nguvu zake.

Mlango huu ni njia ya meli za magari zinazoingia bandari ya Brunswick. Hapa ndipo Golden Ray ilipopinduka Septemba 2019, na mabaki yake yalimalizika kuondolewa mwaka 2021. Usitie nanga kwenye mkondo wa meli hata kama kina kinavutia. Kaa ukingoni mwa fungu, futi 15 hadi 25. Na maji ya kupwa yakikutana na upepo wa mashariki, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Boti ya futi 17 iondoke mapema, kabla upepo wa alasiri haujashika.

Maji hupwa kabisa karibu saa tisa alasiri. Rampu nyingi wakati huo huonyesha mwisho wa zege, na baada ya hapo ni tope au shimo. Gurudumu la trela likipita ukingo, halirudi kwa kuvutwa, hujikwaa na kupinda ekseli. Subiri saa moja na nusu maji yarudi. Wakati huo huo visubi vitakula shingo na masikio. Shati la mikono mirefu lina maana kuliko dawa ya kupuliza.

Jumapili: Jekyll, bila boti

Jekyll hulipiwa ada ya kuegesha langoni. Ufuo wa St. Andrews, upande wa kusini-magharibi, unafaa kwa asiye na boti: mkondo hupita karibu na nchi kavu, na makundi ya mkizi yanayohamia kusini hufuata ukingo huo huo. Hasira ya mkizi, furaha ya mvuvi. Hapa huruka kundi zima, na kila panapotibuka kuna anayewafukuza kutoka chini.

Kimia cha futi 5 hadi 6 kinatosha. Kirushe mbele ya kundi, kizame mpaka risasi ziguse mchanga, kisha vuta. Macho ya wavu wa chambo na ya wavu wa kukamatia kamba wa kitoweo yana vipimo tofauti kisheria, na wakaguzi hupima. Mkizi wa urefu wa kidole afungwe ndoana kwenye mdomo wa juu, na arushwe si mbali, kwenye kijibonde kati ya ufuo na fungu la kwanza. Wengi hurusha juu ya vichwa vya samaki waliowafuata. Gayogayo hulala pembezoni mwa kijibonde hicho, na kipimo chake ni inchi 12.

Buruza miguu unapotembea majini, maana samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, hulala mchangani na huondoka akisikia mtikisiko. Mwenye kidonda kibichi abaki nje. Maji ya joto yenye chumvi kidogo yana bakteria wa Vibrio vulnificus, na mwenye ugonjwa wa ini au kisukari anaweza kupoteza kiungo au maisha kwa mkwaruzo mdogo wa chaza.

Kwenye ufuo huu huu, tarehe 28 Novemba 1858, meli Wanderer ilishusha Waafrika 409 waliobaki hai, wengi wao kutoka eneo la Kongo, miaka 50 baada ya Marekani kupiga marufuku kuingiza watumwa. Kuna njia ya kumbukumbu yenye vituo. Mkongomani atakayekuja na fimbo yake aipitie kwanza.

Jumatatu: Lazaretto Creek, Tybee

Barabara ya US 80 kutoka Savannah kwenda Tybee huanza kuingiwa na bahari kipimo cha Fort Pulaski kinapokaribia futi 9.5. Siku mbili baada ya mwezi mpevu maji hujaa karibu saa nne asubuhi, kwa hiyo vuka kabla ya saa moja na urudi baada ya saa saba mchana. Kuvuka maji ya chumvi na trela ni kuipa breki kutu isiyotoka.

Trauti wa madoa huwinda kwa macho, na bamvua huchafua maji ya Georgia hadi kuwa rangi ya chai ya maziwa. Ndiyo maana wiki hii asitafutwe ndani ya mito. Lazaretto iko karibu na bahari wazi, na katika saa mbili za mwisho za kujaa, maji masafi huingia hori hadi kwenye vitanda vya chaza. Kamba hai, ndoana ndogo iliyopita chini ya pembe ya kichwa bila kugusa doa jeusi la ubongo, boya linaloteleza, na kina kilichopimwa ili chambo kielee futi moja juu ya chaza. Kina kikikosewa kwa futi moja utanasa chaza kila mara, au hutanasa kitu. Trauti ana mdomo laini, mvute polepole na umpokee kwa wavu. Kipimo ni inchi 14. Mwenye nafasi ya kuchagua wiki kwa ajili ya trauti peke yake achague maji mafu, nusu ya mwezi.

Samaki wa baharini waletwe nchi kavu wakiwa na kichwa na mapezi, minofu itolewe baadaye. Barafu iwe nusu ya uzito wa samaki, na maji yake yamwagwe njiani. Mashine isukutuliwe kwa maji baridi dakika 10, trela yote ioshwe hadi ndani ya fremu, na kizibo kitolewe kabla ya kuondoka rampu, kama sheria ya Georgia inavyotaka ili viumbe na magugu ya majini yasihamie ziwa jingine.